Dogo anachana, Dar wanamtaka, na saini wanayoitaka ni yangu

Dada wa Mwaloni (Mwanza)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, naomba wenye uzoefu na mambo ya muziki wanisaidie.

Mimi nauza dagaa hapa Kirumba Mwaloni. Mdogo wangu wa mwisho niko naye tangu mama alipotutoka mwaka 2016. Baba alishatangulia, alikuwa mvuvi na ziwa ndilo lililomchukua. Dogo ana miaka 17, anatimiza 18 mwezi Novemba. Kidato cha nne kamaliza mwaka jana.

Anachana, yaani anarap. Nililijua hilo kwa daftari lake la fizikia. Siku moja nililifungua kuona kama kweli anasoma, nikakuta mbele kurasa chache za fizikia, halafu kuanzia jalada la nyuma kuja katikati ni mistari tu, imekatwakatwa, imeandikwa upya, pembeni kaweka alama za mahali pa kuvuta pumzi. Nilitaka kumchapa. Nikasoma ukurasa mmoja kwanza. Kulikuwa na haya:

Ziwa lilimmeza baba, ziwa hilo hilo latulisha,
mzigo alioacha njiani, mimi ndiye naufikisha.

Nilikaa chini kwenye ndoo nikalia. Fimbo sikuishika tena.

Mwezi wa nne mvua ilitukuta sokoni, tukajibanza ndani juu ya magunia tukisubiri ikatike. Wabebaji wakaanza kugonga magunia kwa viganja, mmoja akageuza beseni akawa anapiga, dogo akaingia. Alichana kuhusu mimi ninavyohesabu gunia kwa Kisukuma, mteja wa Kongo anahesabu kwa Kilingala, na bei inavyopanda kila tunapobadili lugha. Soko zima lilicheka, hadi wale Wakongo wenyewe. Nilikuwa nimeshika simu nikarekodi kama dakika mbili, yeye akaiweka mtandaoni. Imetazamwa mara laki 2 na ushee. Tangu hapo watu wanamsimamisha njiani hadi Mabatini huko, na jukwaa la viwanja vya Furahisha amepanda mara mbili, mara ya pili wakampa elfu 50 na soda.

Sasa kuna bwana amekuja kutoka Dar. Mtu mstaarabu, alifika nyumbani, alikula ugali wetu, alimwita dogo "mwanangu". Akaacha mkataba. Ni kurasa 11 za Kiingereza. Nimemwomba jirani mwalimu anisomee, na haya ndiyo niliyoyaelewa:

Mkataba ni wa miaka 10. Mapato yakishatolewa gharama, wao wanachukua 80, dogo 20. Kituo chake cha YouTube kinahamia kwao na nywila zote. Shoo, matangazo, miito ya simu, vyote vinapita kwao. Akivunja mkataba, fidia ni milioni 30. Na jina lake la kisanii linakuwa mali ya lebo, yaani kampuni yao ya muziki. Kwa kuwa hajatimiza miaka 18, natakiwa kusaini mimi kama mlezi. Wanatoa milioni 2 taslimu siku ya kusaini, chumba Sinza huko Dar na simu mpya.

Jina hilo sitaliandika hapa, lakini mjue ni lile ambalo wavuvi wenzake walikuwa wakimwita baba. Dogo alilichukua baada ya msiba.

Bwana yule pia amemwambia apunguze Kisukuma kwenye mistari kwa sababu "hakiuzi".

Milioni 2 kwangu si ndogo. Biashara imeyumba tangu mwaka jana, na dogo anaona namkalia. Ananiambia, "Dada, wewe unataka nibebe magunia hadi nizeeke." Sitaki abebe magunia. Nataka afike mbali, na huyu ndiye mtu wa kwanza kuja na karatasi. Nisaini? Nikikataa, nitakuwa nimemzibia mdogo wangu riziki yake?

Kijana wa Nyakato

Dada saini. Nakwambia kwa uchungu maana mimi nina miaka 26, nina nyimbo 14 kwenye flashi na hakuna mtu wa Dar aliyewahi kunipigia simu. Mwanza hapa utapigiwa makofi na utarudi nyumbani kwa miguu.

Dogo Janja alitoka Ngarenaro, Arusha, akiwa bado mtoto wa shule. Msanii Madee akamchukua, akaingia kundi la Tip Top kule Manzese, Dar, nchi nzima ikamjua. Rapa Rapcha naye alibebwa na Bongo Records, studio ya prodyuza P-Funk Majani. Bila mtu wa kukushika mkono unabaki kuwa msanii wa mtaani kwenu. Hiyo 20 kwa 80 inauma, lakini asilimia 20 ya kitu ni bora kuliko 100 ya hewa.

Mzee wa Kaseti

Mwangaluka dada yangu. Na wewe kijana wa hapo juu nimekusoma, sikulaumu, nilikuwa hivyo hivyo.

Mwaka 2003 nilipanda treni hapa Mwanza daraja la tatu kwenda Dar, siku mbili njiani, nina begi moja na kaunta buku mbili. Nilikuwa na miaka 23. Baiskeli ya marehemu babu nilishaiuza kulipia studio. Nikalala kwa mjomba Mbagala, asubuhi nachana mbele ya kioo cha kabati, jioni nazunguka na CD moja kwenye vituo vya redio. Wimbo mmoja ukapigwa. Mkisikia mtu anasema alisimama barabarani daladala ikipita na sauti yake ndani, mwaminini. Mimi nilisimama Buguruni, nikaisikia, nikasahau nilikokuwa naenda.

Wakati ule pesa ilikuwa kwenye kaseti. Unakamilisha albamu, unaipeleka kwa msambazaji Kariakoo, anakuwekea karatasi kaunta, unasaini, unapewa fungu. Mimi nilipewa laki 3 kwa nyimbo 9. Nakala ya karatasi sikupewa, wala sikuomba, maana kwenye begi tayari nilikuwa nahesabu zawadi za kuleta nyumbani. Masta, yaani rekodi yenyewe halisi, ikabaki kwao.

Miaka ikapita. Nikarudi Mwanza, nikaoa, nikafungua duka la spea za pikipiki. Siku moja nampigia mteja, nasubiri apokee, nasikia sauti yangu mwenyewe ya miaka 23 kwenye muito wa simu. Mwanangu wa kwanza alikuwa amesimama pembeni, nikampa simu asikilize. Akaniuliza, "Baba, wanakulipa?" Nilifuatilia. Nikaambiwa mwenye wimbo si mimi, karatasi ipo na saini ni yangu.

Sikuibiwa usiku, dada. Niliuza mchana kweupe kitu ambacho sikujua kuwa ni kitu. Nilidhani nauza kaseti.

Kijana wetu ametaja Majani. Sawa, lakini P-Funk ni mtu aliyeanza kutengeneza biti tangu miaka ya tisini, ukitaka kujua amefanya kazi na nani humalizi kuhesabu. Muulize huyu bwana aliyekula ugali wenu: ni nyimbo zipi umezitoa? Ni msanii gani ulimsaini miaka mitatu iliyopita na leo yuko wapi, nipe namba yake niongee naye. Asiyekuwa na jibu la swali hilo anakuja kujifunzia kazi kwa mtoto wako.

Halafu hilo la Kisukuma limenikera kuliko hata asilimia. Sisi tuliomsikia rapa Sugu akitoka Mbeya tulijifunza kwamba mtu wa mkoani anaweza kusimama na lugha yake. Professor Jay alipotoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, wazee waliokuwa wakisema hizi ni kelele za wahuni walikaa kimya wakasikiliza, kwa sababu aliongea nao kwa Kiswahili wanachokielewa na habari wanazozijua. Na Fid Q ni wa kwetu hapa. Albamu yake ya kwanza imetoka miaka mingi iliyopita na hadi kesho ukitaja Mwanza kwenye hiphop unataja yeye. Young Killer Msodoki naye ni wa hapa hapa, mwaka 2014 akabeba tuzo ya msanii chipukizi kwenye tuzo za muziki za Kilimanjaro. Hakuna aliyefika kwa kujifanya katoka Sinza. Watu laki 2 walimtazama mdogo wako kwa sababu ya magunia, beseni na Kisukuma cha kuhesabia dagaa. Ukiondoa hivyo, bwana huyo anasaini nini?

Nina mashaka na mambo mengi, lakini jina la baba yenu usilisaini. Hilo hata akija na milioni 200.

Mwanasheria Dodoma

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Nasema kwa kifupi, na bado nakushauri upate wakili wa kuusoma mkataba wenyewe, au kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nawe.

Kwanza umri. Kwa sheria yetu ya mikataba, aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kujifunga kwa mkataba. Wao wanalijua hilo, ndiyo maana wanaitafuta saini yako. Ukisaini, hiyo fidia ya milioni 30 watakuja kuidai kwako, mtu mzima mwenye biashara, hawataidai kwa mtoto. Novemba haiko mbali. Mtu mwema hawezi kushindwa kusubiri.

Pili, mtenganishe vitu viwili ambavyo mikataba ya namna hii huvichanganya makusudi. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki. Kuna sauti iliyorekodiwa, ile masta anayoisema Mzee wa Kaseti. Mtu akigharamia studio ana hoja ya kudai sehemu ya rekodi. Hana hoja ya kuchukua daftari la fizikia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inazaliwa pale anapoitunga kazi yake, haihitaji muhuri wa mtu, na inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Fikiria hapo: wajukuu wa mdogo wako wanaweza kula kutokana na wimbo wa leo. Kusajili COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, hakuleti haki hiyo, ila kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, kwa hiyo msajili kazi kabla hamjakaa meza moja na mtu yeyote.

Jina la kisanii linaweza kusajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara. Usajili wa kwanza ni miaka 7, halafu unahuisha kila miaka 10. Lisajiliwe kwa niaba ya familia, ninyi ndio wenye sababu ya kulibeba.

Tatu, maneno "baada ya kutoa gharama" ndiyo mlango wa nyuma wa mkataba wote. Chumba cha Sinza ni gharama, simu mpya ni gharama, nauli, nguo za video, hata hizo milioni 2 huenda zimeandikwa kama mkopo. Asilimia 20 inaanza kuhesabiwa vyote hivyo vikishalipwa, na anayetunza hesabu ni wao. Ukurasa wa gharama useme kiwango cha juu, risiti, na taarifa ya mapato kila miezi 3.

Kama bado mnampenda bwana huyu, mpelekeeni pendekezo lenu: Kiswahili, miaka 2, idadi ya nyimbo iandikwe, asipotoa nyimbo ndani ya muda huo mkataba ufe wenyewe, na mwisho wa mkataba YouTube na rekodi zirudi kwa kijana. Na kila siku ya studio, kabla hamjazima taa, karatasi moja iandikwe: nani kaandika mistari, nani katengeneza biti, nani kaimba kiitikio, kila mmoja ana asilimia ngapi, saini zote. Prodyuza mzuri hakasiriki kwa karatasi hiyo.

Binti Temeke

Mimi nitasema kuhusu chumba tu, kwa sababu wanaume hawajasema maisha ya humo yalivyo.

Nilikaa nyumba ya lebo miezi 7 nikiwa na miaka 19. Lebo siitaji. Tulikuwa sita, godoro mbili. Asubuhi kila mtu anasubiri simu ya meneja. Studio niliingia mara tatu. Kurekodi studio nyingine kulikatazwa, shoo za mtaani zilikatazwa, kurudi nyumbani kwa siku mbili kunaombewa ruhusa. Nauli sina, na aibu ya kurudi sina kitu ilinifunga kuliko mkataba.

Aliyenitoa ni mama yangu, alikuja na kanga yake kiunoni akanichukua. Sasa narekodi kwa rafiki yangu, napandisha nyimbo mwenyewe mtandaoni, Boomplay na kwingine, pesa inaingia kidogo kidogo na naiona kwa macho yangu. Siringi nayo, mwezi uliopita ilitosha vocha na nauli. Lakini ni wimbo wangu.

Dada, akienda Dar, aende na nauli ya kurudi ambayo meneja haijui. Iwe kwako au kwenye simu yake, lakini iwepo.

Kijana wa Nyakato

Mzee wa Kaseti, nimesoma hadi hapo pa mtoto wako kukuuliza kama wanakulipa. Narudisha kauli yangu ya asilimia 20. Dada, studio ninayofanyia iko hapa Nyakato, prodyuza ni rafiki yangu na anajua kuandika hiyo karatasi ya mgao. Mlete dogo. Kurekodi wimbo wa kwanza nitalipia mimi.

Dada wa Mwaloni (Mwanza)

Nimerudi. Samahani kwa kimya, wiki ya dagaa wengi hii, na mambo yote yalitokea kwa pamoja.

Nilimpigia bwana yule nikamwomba mkataba wa Kiswahili na namba za wasanii wawili aliowasimamia. Kiswahili akasema lebo zote kubwa zinatumia Kiingereza. Namba akasema ni siri za kampuni. Nikamwambia basi tusubiri Novemba, dogo asaini mwenyewe akiwa mtu mzima. Akanijibu kuwa nafasi inafungwa Ijumaa, na kwamba nitajibu mbele za Mungu kwa kumwua mtoto kipaji. Mkono ulinitetemeka, lakini nilikata simu.

Dogo hakuongea na mimi siku mbili. Chakula nilikifunika, asubuhi nakikuta kilivyo. Nikamwandikia kwenye karatasi yale ya Mzee wa Kaseti, kuanzia treni hadi muito wa simu, nikaiweka juu ya daftari lake. Sikumwambia kitu. Usiku wa tatu akaja mlangoni akauliza, "Huyu mzee, ule wimbo wake unaitwaje?" Nikamwambia hakuutaja. Akasimama pale muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hiyo hata sisi hatuwezi kuusikiliza kwa jina lake."

Jumamosi tulikwenda Nyakato. Kijana, Mungu akuzidishie. Mlimwacha achane Kisukuma chote alichotaka, na lile beseni tulilobeba kwenye daladala mkalirekodi kweli kama ngoma. Karatasi ya mgao imeandikwa, watu watatu, saini tatu, nakala yetu nimeiweka kwenye kopo la hesabu za magunia. Kuhusu jina, nimeshauliza gharama za BRELA, nitalipa mwezi ujao mzigo wa Kongo ukitoka. COSOTA tutasajili wimbo ukikamilika. Mwanasheria, nitakutafuta kwa ule mkataba wa miaka 2, maana dogo bado anataka kufika Dar na mimi sijamkatalia. Binti Temeke, nauli ya kurudi nimeshaitenga.

Mzee wa Kaseti, dogo anauliza kama unaweza kuja Mwaloni siku moja asubuhi ukachana naye pale kwenye magunia. Anasema uje na wimbo wowote kati ya zile 9, utakaoukumbuka. Wabeja sana.

Leo saa 10 alfajiri tulikuwa tunapokea mzigo, simu yangu ikaita, ni yule bwana. Ijumaa yake imeshapita. Dogo ndiye aliyekuwa ameishika. Aliangalia jina, akanirudishia mkononi ikiwa bado inaita, akainama kuendelea kufunga gunia.